Kujipima Ugonjwa Nyumbani: Ni Taa ya Nyumba, Si Kibali cha Njia

Ndugu wakulima wa Mpeketoni, Hindi, Hongwe, Witu na skimu nyingine zote za makazi katika Lamu, mwezi huu twataka kueleza jambo ambalo watu huliuliza kila zinapokuja habari za ugonjwa wa kuambukiza. Swali lenyewe ni hili: Ikiwa leo mtu aweza kujipima mwenyewe nyumbani kwa kijibao kidogo, akapata jawabu kabla chai haijapoa, kwa nini jawabu hilo lisiwe cheti cha kumpitisha jetini, sokoni, mkutanoni na harusini?

Wenye kuuliza hivyo wana haki ya kuuliza. Mkulima aliyezuiliwa njiani wakati wa kuchuma pamba amepoteza siku isiyorudi. Mama aliyezuiliwa katika jeti ya Mokowe asivuke kwenda Hospitali ya King Fahd kule Lamu mjini aweza kupoteza zaidi ya siku. Walakini mzee wa miaka 80 aliyeketi barazani hana ngao ila hadhari ya wale wanaomkaribia, naye pia ana haki yake. Basi jambo hili lina pande mbili, na asiyezitazama zote mbili hatapata jawabu.

Leo hakuna anayeulizwa cheti cha Korona jetini. Shirika la Afya Duniani lilitangaza tarehe 5 Mei 2023 kwamba dharura ya Korona imekwisha. Lakini maradhi hayaachi kuja. Tarehe 31 Julai 2024 Wizara ya Afya ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa mpox nchini Kenya, aliyegunduliwa katika kituo cha mpakani cha Taveta. Mkulima hodari hutengeneza ghala kabla ya mavuno. Nasi yafaa tulielewe jambo hili sasa, wakati hakuna hofu, tusingoje mpaka njia zimefungwa na kila mtu anapiga kelele.

KIPIMO CHA HARAKA HUFANYAJE KAZI

Kipimo cha haraka cha Korona ni kijibao cha plastiki chenye utepe mwembamba ndani yake. Mtu huchukua kijiti chenye pamba, akakizungusha ndani ya pua zote mbili, akakikoroga katika kichupa cha maji ya dawa, kisha akatia matone machache penye kijitundu cha kijibao. Maji yale hupanda katika utepe polepole, kama mafuta yapandavyo katika utambi wa taa. Njiani hukutana na chembe za rangi zilizowekwa na watengenezaji, ambazo kazi yake ni kushika vipande vya virusi vinavyoitwa antijeni. Zikivikuta, chembe hizo na vipande vyake hunaswa pamoja penye alama ya T, na hapo mstari huonekana.

Mbele kidogo pana alama ya C. Mstari wa C ndio shahidi wa kipimo chenyewe: huonyesha kwamba maji yamefika na dawa ingali nzima. Ukitokea C peke yake, virusi havikuonekana. Zikitokea C na T, virusi vimeonekana, hata kama mstari wa T umefifia. Usipotokea C, kipimo hicho kimeharibika, nacho kitupwe, usijali T inasema nini.

Kipimo hiki kina ndugu zake ambao wengi wenu mwawajua. Wahudumu wa afya ya jamii hutoboa kidole na kupima malaria kwa kijibao cha namna hiyo. Kadhalika kipo kipimo cha kujipima virusi vya UKIMWI, ambacho Serikali ya Kenya ilianza kukieneza mwaka 2017. Hicho hakitafuti virusi vyenyewe, bali hutafuta askari ambao mwili umewatoa kupigana navyo, katika damu ya kidole au majimaji ya ufizi.

Vipimo hivi vyote vina sifa moja kubwa: ni vya haraka, ni vyepesi, na havihitaji mashine wala umeme. Kwa watu wa Kiunga, Faza au Kizingitini, ambao safari yao ya kwenda hospitali kubwa ni ya baharini, hilo si jambo dogo. Lakini kila chombo kina mpaka wa nguvu zake, na shida huanza mtu anapokitwika chombo kazi isiyo yake.

CHEKECHE LENYE MATUNDU MAKUBWA

Mama anayechekecha unga ajua kwamba yapo machekeche ya matundu madogo na ya matundu makubwa. Kipimo cha maabara kinachoitwa PCR ni chekeche la matundu madogo. Huweza kuona virusi vichache sana, kwa sababu mashine huvizidisha kwanza mpaka vionekane. Lakini chahitaji maabara, mtaalamu na muda. Kipimo cha haraka ni chekeche la matundu makubwa. Huona virusi vikiwa vingi puani, yaani katika zile siku ambazo mtu aweza sana kuwaambukiza wenzake. Katika siku za kwanza baada ya kuambukizwa, virusi vikiwa bado vichache, huvikosa.

Kwa hiyo mtu aweza kujipima asubuhi ya Jumatatu asione kitu, na Jumatano akawa anaambukiza. Kipimo hakikusema uwongo. Kilisema habari za Jumatatu asubuhi. Ndiyo sababu twasema kwamba jawabu la kipimo ni kama maziwa mabichi, halilali.

Tena upo upungufu wa namna nyingine. Vipimo vingi vya haraka vya malaria huweza kuonyesha mstari kwa majuma kadhaa baada ya mtu kutibiwa na kupona, kwa sababu mabaki ya vimelea yangali katika damu. Basi kipimo kimoja chaweza kuchelewa kuona ugonjwa ulioingia, na kingine kikachelewa kuona ugonjwa uliotoka.

HESABU YA WATU 1,000 JETINI

Shirika la Afya Duniani liliweka masharti ya vipimo vya haraka vya Korona: kati ya wagonjwa 100 waliothibitishwa kwa PCR, kipimo kiwatambue 80 kwa uchache, na kati ya wasio wagonjwa 100, kiseme kweli kwa 97 kwa uchache. Mtu akisikia hivyo husema, “Hayo yatosha.” Lakini na tufanye hesabu, kwa sababu hapa ndipo wengi hupotea.

Tuseme watu 1,000 wamefika jeti ya Mokowe wakitaka kuvuka kwenda Lamu, na kila mmoja amepimwa. Tuseme pia kwamba ugonjwa umepungua, na wagonjwa katika hao ni 10 tu. Kipimo kitawakamata 8, na 2 watapanda boti. Katika wale 990 wasio wagonjwa, 3 katika kila 100 watapewa jawabu la uwongo, yaani watu kama 30. Basi watakaozuiliwa ni 38, na katika hao 30 ni wazima kabisa.

Sasa tuseme ugonjwa umeenea sana, na wagonjwa katika wale 1,000 ni 200. Kipimo kitawakamata 160, na 40 watapanda boti wakiwa na jawabu safi mkononi. Katika wale 800 wazima, 24 watazuiliwa bure.

Kipimo ni kile kile na jeti ni ile ile. Kilichobadilika ni wingi wa ugonjwa. Kwa hiyo mshike kanuni hii: ugonjwa ukiwa haba, jawabu la “unao” lataka kuhakikishwa kwa kipimo cha pili, ugonjwa ukiwa umeenea, jawabu la “huna” lisiaminiwe sana. Tena ile hesabu ya 80 ni ya watu wenye dalili. Kwa wasio na dalili yo yote, kipimo huweza kukosa wengi zaidi.

Jambo baya zaidi ni ile imani anayoipata mtu mwenye jawabu safi. Wale 40 waliopanda boti watakaa bega kwa bega na wenzao, watacheka, watapeana mikono na kuingia nyumba za wazee wao bila hadhari, kwa sababu wameambiwa wao ni wazima. Mtu asiyepimwa na mwenye hadhari huenda akawa salama kwa jirani yake kuliko mtu aliyepimwa na kuondoa hadhari.

YALIYOONEKANA NJIANI

Tusidhani kwamba mambo haya ni ya kuwaza tu. Nchi zetu zimekwisha kuyajaribu.

Mgonjwa wa kwanza wa Korona nchini Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Tarehe 8 Aprili kaunti za Mombasa, Kilifi na Kwale zilifungwa, mtu asiingie wala asitoke. Lamu haikufungwa, lakini njia yetu ya kwenda Mombasa yapita Kilifi, basi tukawa kama tuliofungwa. Malori ya chakula na mizigo yaliruhusiwa, lakini yachukue dereva na wasaidizi waliotajwa kwa maandishi tu. Kilifi na Kwale zilifunguliwa mwezi wa Juni, na Mombasa mwezi wa Julai. Katika miezi hiyo watu walijifunza kwamba karatasi yaweza kuwa na thamani kuliko petroli.

Mwezi wa Mei 2020 madereva wa malori yanayovuka mipaka walitakiwa kuwa na cheti cha kuonyesha kwamba wamepimwa Korona na hawanayo. Cheti hicho kilidumu siku 14. Wakati huo kipimo kilikuwa cha maabara, na majawabu yalichelewa, hata malori yakapanga msururu mrefu sana Malaba na Busia. Tazameni ugumu wake: dereva aliyepimwa siku ya kwanza aliweza kuambukizwa siku ya pili katika ule ule msururu alimokuwa akingojea, na bado cheti chake kikawa halali kwa siku 12 nyingine. Cheti kilikuwa kizima, na mwenye cheti mgonjwa.

Mwezi wa Januari 2022 mambo yakarudi tena. Uganda ilitaka kila dereva anayeingia apimwe na alipe dola 30. Madereva walikataa, kwa kuwa fedha hizo zingekula ujira wao, na malori yakasimama. Petroli ikapungua Uganda na bei yake ikapanda sana. Serikali ya Uganda ikaondoa malipo hayo. Hapa twaona kwamba mlango wa njia hauwaumizi wapitaji peke yao. Humwumiza na yule anayengoja bidhaa ng'ambo ya pili, ambaye hakupimwa wala hakusafiri.

Mahujaji nao wayajua haya. Mwaka 2020 na 2021 hawakuruhusiwa kutoka nchi za nje. Mwaka 2022 Saudi Arabia iliwapokea tena, lakini wawe chini ya miaka 65, wawe wamechanjwa, na wawe na jawabu la PCR lililochukuliwa katika saa 72 kabla ya kuondoka. Hapo hapakukubaliwa kijibao cha nyumbani. Aliyepima alikuwa mtu mwingine, na jina lake liliandikwa.

NCHI ILIYOWAPIMA KARIBU WATU WOTE

Huko Ulaya iko nchi ndogo iitwayo Slovakia. Tarehe 31 Oktoba na 1 Novemba 2020 Serikali ya huko iliita watu wapimwe kwa vipimo vya haraka, nchi nzima, kwa siku mbili. Walipimwa watu zaidi ya milioni 3.6, na walioonekana na virusi walikuwa zaidi ya 38,000. Aliyekuwa na jawabu safi alipewa hati, na kwa hati hiyo aliweza kwenda kazini na kutembea. Aliyekataa kupimwa alitakiwa kukaa nyumbani.

Ikawaje? Katika wilaya zilizopimwa zaidi ya mara moja, ugonjwa ulipungua kwa zaidi ya nusu katika juma moja. Lakini wataalamu walionya kwamba wakati huo huo mambo mengine mengi yalikuwa yamefungwa, kwa hiyo si kazi ya kipimo peke yake. Na baada ya miezi michache, mwanzoni mwa mwaka 2021, Slovakia ilikuwa miongoni mwa nchi zilizokuwa na vifo vingi vya Korona kwa kulinganisha na idadi ya watu wake. Kupima watu wote mara moja ni kama kupalilia shamba mara moja: magugu hupungua siku hiyo, na mvua ikinyesha hurudi.

Uingereza ilikwenda mbali zaidi. Tarehe 15 Desemba 2021 iliagiza kwamba anayetaka kuingia katika kumbi za dansi na mikutano mikubwa aonyeshe kwamba amechanjwa, au amepimwa na hana Korona katika saa 48. Kipimo kiliweza kuwa kile cha nyumbani, na mtu mwenyewe ndiye aliyeandika jawabu lake katika mtambo wa Serikali. Asiyetaka kujitia kijiti puani aliweza kuandika tu kwamba hana ugonjwa, na hakuna aliyemwona. Agizo hilo liliondolewa tarehe 27 Januari 2022.

FUNZO LA KIBALI CHA NG'OMBE

Ninyi wafugaji mwalijua jambo hili kuliko watu wa mjini. Mtu akitaka kuhamisha ng'ombe kutoka kaunti moja kwenda nyingine, hana budi kupata kibali cha afisa wa mifugo. Ukizuka ugonjwa wa miguu na midomo, karantini hutangazwa na vibali husimama. Je, mkulima huandika mwenyewe kibali cha ng'ombe wake? La. Si kwa sababu wakulima ni waongo. Ni kwa sababu mtu mwenye haja kubwa ya kuuza hawezi kuwa hakimu wa jambo lake mwenyewe, hata akiwa mwaminifu.

Lakini mkulima yule yule hatazami ng'ombe wake kwa ajili ya kibali tu. Kila asubuhi kabla ya kukamua hutazama kiwele, hukamua matone ya kwanza katika kikombe cheusi aone kama yana mabonge, humtenga ng'ombe mwenye ugonjwa wa kiwele na kumkamua mwisho. Uchunguzi huo hauandikiwi hati yo yote, walakini ndio unaoliokoa zizi.

Hii ndiyo tofauti tunayotaka muishike. Kujipima ni kwa ajili ya kujua. Kibali ni kwa ajili ya kuonyesha. Mtu anayejipima ili ajue hana faida ya kujidanganya, kwa kuwa watakaoumia ni mama yake na watoto wake. Mtu anayejipima ili aonyeshe, na hali boti yaondoka na korosho zake zimo ndani, amewekwa katika jaribu ambalo halikulazimu kuwapo. Akiona mstari hafifu wa T, atakitupa kijibao na kusema hakikufanya kazi. Hivyo kipimo kizuri hugeuka kuwa kichocheo cha kuficha ugonjwa.

MARADHI AMBAYO MLANGO HAUFAI KABISA

Yapo maradhi ambayo haifai kuyawekea mlango, na sheria ya Kenya imekwisha kusema hivyo. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI, Namba 14 ya mwaka 2006, yakataza kumlazimisha mtu kupimwa virusi vya UKIMWI ili apate kazi, ndoa, nafasi ya shule, matibabu, bima, au ruhusa ya kuingia nchini na kutoka.

Maana ya sheria hiyo ni wazi. Virusi vya UKIMWI haviambukizwi kwa kuketi pamoja katika boti, wala kwa kula sahani moja, wala kwa kupeana mkono sokoni. Basi mlango wa namna hiyo haumlindi mtu ye yote. Kazi yake ingekuwa kuwaaibisha watu tu, na watu wakiogopa aibu hawapimwi, na wasiopimwa hawapati dawa. Kwa hiyo mwajiri, mwalimu au mchumba akikuambia, “Niletee kijibao chako nikione,” jua kwamba hana haki hiyo.

Kujipima kwenyewe ni jambo jema, maana humpa mtu faragha. Lakini yafaa kujua mambo matatu. Kwanza, jawabu la “unavyo” si la mwisho. Lazima uende zahanati upimwe tena kwa utaratibu wa hospitali. Pili, jawabu la “huna” halihesabu hatari ya miezi 3 iliyopita. Tatu, mtu ambaye tayari anatumia dawa za virusi vya UKIMWI asijipime kwa kipimo hiki, kwani chaweza kumpa jawabu la uwongo, naye akaacha dawa zake na kupata madhara.

MLANGO WA HAKI HUWAJE

Hatusemi kwamba milango yote ni mibaya. Ugonjwa unaosafiri kwa pumzi ukifika, na boti za Mokowe zimejaa, na mitaa ya Lamu ni myembamba hata punda wawili wakikutana mmoja hungoja, huenda Serikali ikalazimika kuweka mlango kwa muda. Lakini mwananchi ana haki ya kuuliza maswali haya:

1. Je, ugonjwa wenyewe huambukizwa mahali hapo panapowekwa mlango? Ikiwa hauambukizwi hapo, mlango ni bure.

2. Je, aliyepima ni mtu mwingine aliyefundishwa, na jawabu ni la siku ile ile?

3. Je, kipimo ni cha bure? Mlango wa kulipia huwa mlango wa tajiri.

4. Je, aliyezuiliwa ana njia ya kupimwa mara ya pili kwa kipimo cha maabara? Wakumbukeni wale 30 wazima.

5. Je, mgonjwa wa dharura, mama mwenye uchungu wa kuzaa na mtu anayetafuta dawa huachwa wapite? Mlango usiwe kizuizi kati ya mgonjwa na daktari.

6. Je, mwisho wake umetajwa, na umewekwa kwa kufuata sheria?

Swali hili la mwisho si la mabishano ya bure. Tarehe 21 Novemba 2021 Waziri wa Afya, Bwana Mutahi Kagwe, alitangaza kwamba kuanzia tarehe 21 Desemba mtu asiyechanjwa asihudumiwe katika ofisi za Serikali na mahali pengi pa watu. Jambo lilipelekwa Mahakama Kuu, na mwezi wa Desemba mahakama ikalisimamisha. Chanjo ilikuwa njema, lakini wema wa dawa hautoshi peke yake kuuhalalisha mlango.

NAMNA YA KUJIPIMA VIZURI

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Tangu tarehe 9 Machi 2022 Shirika la Afya Duniani limeshauri kwamba watu wapewe nafasi ya kujipima Korona wenyewe. Atakaye kufanya hivyo na afuate haya:

Nunua kipimo katika duka la dawa lenye leseni, na utazame tarehe ya mwisho. Usinunue sokoni kutoka kwa mchuuzi.

Kiweke mahali pa baridi kidogo. Vipimo vingi huandikwa vihifadhiwe kati ya digrii 2 na 30. Chini ya bati mchana, au katika sanduku la pikipiki lililosimama juani, joto hupita hapo, na dawa huharibika bila wewe kujua.

Nawa mikono. Soma karatasi yake yote kabla ya kufungua mfuko, maana vipimo havifanani. Usifungue mfuko mpaka uwe tayari.

Tazama saa. Soma jawabu katika dakika zilizoandikwa, aghalabu 15 mpaka 30. Ukilisoma kabla ya wakati, mstari huenda haujatokea. Ukilisoma baada ya saa mbili, huenda ukaona mstari ambao si wa kweli.

Ukiwa na homa na kikohozi na kipimo hakikuonyesha kitu, usikiamini kipimo kuliko mwili wako. Jitenge, ujipime tena baada ya siku moja au mbili. Tena kumbuka malaria: homa katika pwani yetu yataka kupimwa malaria pia.

Kikionyesha mstari, kaa chumba chako peke yako, fungua madirisha, vaa barakoa unapokuwa karibu na wengine, na mwambie mhudumu wa afya wa kijiji. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Januari 2023 ulisema mwenye dalili ajitenge siku 10, na asiye na dalili siku 5. Na kipimo cha haraka kikionyesha kwamba virusi vimeondoka, aweza kutoka mapema. Ukishindwa kupumua vizuri, usingoje siku zitimie, nenda hospitali upesi.

Mwisho, mjue kwamba si kila ugonjwa una kipimo cha namna hii. Mpox, kwa mfano, huthibitishwa kwa PCR, kwa majimaji yanayochukuliwa katika vidonda. Akitokea mtu wa kuwauzia kijibao cha kujipima kila ugonjwa, mwulizeni zahanati yenu kabla ya kumpa fedha.

KIPIMO KITUMIKE WAPI

Watu wataendelea kuvuka bahari, kuuza, kuoa na kuzika. Hayo hayazuiliki, wala hatutaki yazuilike. Basi wakati wa ugonjwa, kipimo na kitumike pale penye faida yake: asubuhi ya siku utakayokwenda kumtazama mzee au mtoto mchanga, kabla ya mkutano wa mwaka wa chama cha ushirika, kabla ya kuingia nyumba ya msiba yenye watu wengi, na kabla ya kurudi nyumbani ukitoka safari. Chama cha ushirika kinaweza kufanya jambo moja zaidi: kisimkate ujira wala zamu mwanachama anayekaa nyumbani kwa sababu amejipima akajiona mgonjwa. Mtu akijua kwamba ukweli hautamnyima chakula, atausema. Akijua kwamba utamnyima, ataficha kijibao, na hapo hakuna mlango wala askari atakayeweza kuuzuia ugonjwa.

Kumbukeni basi kwamba taa huwashwa ili mtu aone njia yake. Haimpi ruhusa ya kupita shamba la jirani. Jipimeni ili mjue, na mkijua muwaambie wanaowahusu. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo, na afya ya kijiji hujengwa hivyo hivyo, kila nyumba ikitoa ukweli wake.